Uta Ndani ya Nyumba

Katika darasa yetu ya usiku wa kuamkia Ijumaa, kijana mmoja aliuliza suali ambalo wengi waliokuwapo walilicheka. Alisema kwamba amenunua uta wa namna ya zamani, wa mti na upote, si hizi nyuta za siku hizi zenye magurudumu na darubini. Na kwa kuwa yeye hukaa gorofani, katika nyumba ya kupanga isiyo na ua wala uwanja, hufuma mishale chumbani mwake kila baada ya sala ya Alfajiri, akisimama hatua tatu kutoka kwenye gunia alilolijaza matambara. Akataka kujua: mtu afanyaye hivyo, je, huwa amefuata yale yaliyosisitizwa katika dini juu ya kujifunza shabaha, au huwa anacheza tu kama mtoto na manati yake?

Mzee mmoja alimjibu papo hapo kuwa uta umekwisha kazi yake duniani, na atakaye nguvu leo naasome hesabu na ufundi. Mwengine akasema kuwa sunna ni sunna, na mwenye kuifanya, hata akiwa uvunguni mwa kitanda, thawabu zake hazipotei. Basi maneno yakaisha, tukaingia katika somo jengine.

Sisi hatukuridhika na jibu lolote katika haya mawili. Na kila tulipozidi kulifikiri suali lile tuliona kuwa ndani yake mna jambo kubwa kuliko uta wenyewe. Kwani lauliza hivi: kitendo kikiisha kutengwa na faida yake iliyojulikana, kikafanywa peke yake chumbani, hubakiwa na thamani gani? Na nia njema ya mtendaji yaweza kubeba mzigo wa kiasi gani?

Kwanza natuangalie asili ya jambo. Kila aliyesoma Suratul Anfal ajua kuwa Waislamu waliamrishwa waandae nguvu kiasi wawezavyo, na katika Sahihi ya Muslim mna riwaya ya Uqba bin Amir kwamba Mtume (S.A.W.), akiwa juu ya mimbari, aliifasiri nguvu hiyo kuwa ni kutupa mishale, akalikariri neno lake mara tatu. Huyu Uqba ndiye tunayetaka msomaji amkumbuke. Alikuwa sahaba, akawa liwali wa Misri katika zama za Muawiya. Alipokuwa mtu mzima sana, mtu mmoja alimwona akienda na kurudi baina ya shabaha mbili, akamwambia kuwa mazoezi hayo yamtaabisha bure kwa umri wake. Uqba akamjibu kwamba asingejitaabisha lau si neno alilolisikia kwa Mtume, nalo ni onyo kali juu ya mwenye kujifunza kutupa mishale kisha akaacha.

Hapa pafaa tusimame kidogo, kwa sababu watu huitaja hadithi hii haraka haraka na kuipita. Wale watu walikuwa wakisimamisha shabaha mbili zikabiliane, mtu hufuma huku, akaenda kwa miguu kuikusanya mishale yake, kisha akafuma tena kurudi alikotoka. Kwa hiyo mazoezi yalikuwa ni mwendo na jua na vumbi. Na yule mzee hakuwa vitani siku ile, wala hakuwa akiwinda. Ustadi alikwisha kuwa nao. Hakuna aliyekuwa akimhisabia mishale iliyopata na iliyokosa. Alikuwa akikilinda kitu alichopewa kisije kikamtoka mikononi kwa uvivu wake. Naam, tukiulizwa ni nini kilichoharamishwa au kilichochukizwa katika kuacha, twaona ni huu upotezaji wa amana ya ilimu, mtu aliyefundishwa akaiacha ikafa ndani yake.

Sasa turudi kwa mzee wetu aliyesema uta umekwisha kazi. Maneno yake yana haki ndani yake wala hatutaki kuyadharau. Wanazuoni wengi wa zama za karibu wameeleza kuwa neno lile la Kiarabu lamaanisha kutupa na kupiga kwa jumla, na kwamba lachukua bunduki na vinginevyo kama lilivyochukua mshale. Na hapa kwetu Kenya hata kitoweo hakipatikani tena kwa uta, kwani uwindaji umepigwa marufuku tangu mwaka 1977. Waata wa pande za Tsavo, ambao nyuta zao nzito na mishale yao ya sumu ya msunguti iliweza kumwangusha ndovu, walisakwa kwa msako mkali katika miaka ya 1956 na 1957, na kazi ile ikakatika. Iliyopotea haikuwa kazi peke yake. Mtoto asiyevuta uta wa babake hana haja tena ya kujua mti upi ukatwe wala unyoya upi ufungwe nyuma ya mshale, na baada ya vizazi viwili hakuna wa kuulizwa.

Walakini mzee wetu amefanya haraka alipodhani kuwa mwenye kushika cha zamani lazima awe amekipa mgongo cha sasa. Natumtazame Sultan Mahmud wa Pili, aliyetawala dola ya Uthmania tangu 1808 hata 1839. Huyu ndiye aliyelivunja jeshi la zamani la Yanisari mwaka 1826 akaunda askari wapya waliofundishwa kwa utaratibu wa kisasa. Wakati huo bunduki na mizinga ilikwisha kuuondoa uta katika vita kwa muda mrefu. Na sultani huyu huyu alijifunza uta, akafuma mwenyewe katika uwanja wa Okmeydanı huko Istanbul, uwanja uliotengwa kwa wafumaji tangu zama za Sultan Mehmed aliyeufungua mji ule mwaka 1453. Kisha akamwamrisha Mustafa Kani aikusanye ilimu hiyo katika kitabu. Hawezi mtu kusema kwamba aliyewavunja Yanisari alikuwa mjinga wa mambo mapya. Alijua kuwa uta hautamlindia mipaka yake, akauvuta.

Na tukiisha kufika Istanbul twapata jibu la kicheko cha darasani. Mwanafunzi wa wafumaji wale hakupewa mshale siku ya kwanza. Alipewa uta mlegevu uitwao kepaze, akauvuta na kuurudisha, akauvuta na kuurudisha, siku baada ya siku, mpaka mabega na mgongo wake vikaujua mwendo. Baadaye alifuma kwa karibu kwenye mfuko uliojazwa na kushindiliwa. Ndipo akatolewa uwanjani. Na kabla ya kupewa idhini ya kuitwa mfumaji ilimlazimu autupe mshale mwepesi kiasi cha gezi 900, yaani kama mita 594. Safari ya mita zile zote ilianzia hatua chache mbele ya mfuko. Huko Misri katika karne ya 14, Taibugha, mmoja wa Mamluki aliyetunga kitabu mashuhuri juu ya ilimu hii, naye alitaka mwanafunzi aanze na uta dhaifu. Wajapani nao wana tita la majani makavu yaliyofungwa kwa nguvu, waliitalo makiwara. Hata mabingwa wao hulifumia kutoka umbali wa urefu wa uta mmoja, kama mita mbili, ingawa shabaha yao ya kawaida huwa mita 28. Kwa hiyo yule kijana, pasi na kujua, alikuwa amesimama mahali waliposimama wakubwa wa kazi hii.

Mtu atauliza: ni ilimu gani ipatikanayo hatua tatu mbele ya gunia, ambapo hata kipofu hawezi kukosa? Twajibu kuwa hiyo ndiyo faida yake. Mtu afumaye kwa mbali macho yake yote huwa kule uendako mshale. Ukipata, hufurahi asijue kwa nini umepata. Ukikosa, hukasirika na mara nyingi humlaumu upepo. Kwa karibu hakuna cha kufurahia wala cha kulaumu. Hubaki mkono wa kushoto usukumao, mgongo uvutao, pumzi, na kidole kiachacho upote. Wako wafundishao kwamba mwanafunzi, akiwa karibu hivyo, afumbe macho kabisa. Na mshale ukiingia guniani ukiwa umelala upande, mkia wake umeelekea kushoto au chini, hiyo ni habari ya mkono ulioutupa. Kwa hatua tatu mshale hausemi lolote juu ya shabaha, humsema mfumaji.

Hapo ndipo thamani ya kitendo kilichotengwa na faida yake. Mtu asomaye Qur'ani peke yake usiku, hakuna amsikiaye, hurekebisha makhraji yake kwa namna asiyoweza mbele ya watu, kwa sababu mbele ya watu hutaka isikike vizuri. Hatusemi kuwa kufuma ni kama kusoma Qur'ani, Mungu atuepushe. Twasema kuwa nafsi ya mwanadamu ni moja, na hila zake ni zile zile katika kila kazi. Wala tusizidishe tukadai kuwa kila ashikaye uta chumbani ametakasika moyo. Riya huingia hata mlango ukifungwa. Siku hizi mtu aweza kuwa peke yake chumbani na simu yake imesimamishwa juu ya kabati ikimpiga picha, na kabla ya jua kuchomoza watu elfu moja wamekwisha kuambiwa kuwa fulani anahuisha sunna. Na wako walionunua uta wa bei kubwa wakautundika ukutani sebuleni chini ya taa yake, hawauvuti mwaka mzima. Huyo ni pambo la nyumba, na haki yake ni kuhisabiwa pamoja na saa na mazulia.

Lau jambo lingekomea hapa tungemwambia yule kijana aendelee, na makala hii ingekuwa fupi. Lakini sina budi kuyaeleza yaliyonifika mimi mwenyewe, ambayo siku ile darasani sikuyasema, na kunyamaza kwangu ndiko kulikonifanya nishike kalamu.

Miaka mingi iliyopita, nikikaa kwa dada yangu, nami nilikuwa na uta. Gunia langu nililitundika kwenye mlango wa chumba, mlango wa mbao nyembamba za kubandika, kwa kuwa ndipo palipokuwa na msumari. Asubuhi moja nilifuma kama desturi. Sikujua kwamba kwa kulipiga gunia mahali pamoja kila siku matambara yalikwisha kujitenga, katikati pamebaki utupu umefunikwa na nguo tu. Nikaachia upote, na mshale sikuuona. Ulikuwa umepita guniani, umepita mlangoni, na umesimama kwa manyoya yake upande wangu. Nilipofungua nikaona chembe yake imetokeza kule ukumbini kiasi cha shibiri, kwa kimo cha uso wa mtoto. Binti wa dada yangu alikuwa akicheza mahali pale pale, ameketi akiinuka, akiinuka akiketi; mamake alikuwa amemwita jikoni ampelekee kikapu, na nilikuwa nikimsikia akijibu "Labeka". Niliuchomoa mshale. Tundu nikaliziba kwa nta iliyochanganywa na unga wa mbao, nikapaka rangi. Hakuna aliyejua.

Na jueni kwamba nilikuwa na udhu. Nilisema Bismillahi kabla ya kuvuta. Nia yangu, kadiri nijijuavyo, ilikuwa ni kufuata sunna wala hakuwapo mtu wa kuniona. Sharti zote ambazo ndugu yetu wa darasani angezitaja nilizitimiza, na mshale ulipita mlangoni vile vile.

Katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu ambacho wanafunzi wa pwani yetu wamekisoma vizazi kwa vizazi, mwandishi alipotaka kupigia mfano kuua kwa makosa alimtaja mtu aliyetupa kulenga mti ukampata mwanadamu. Mtu huyo hakumkusudia yeyote. Na Qur'ani katika Suratun Nisaa yatuambia kuwa aliyeua kwa makosa ana juu yake kumwacha huru mtumwa na diya ya kupewa jamaa wa maiti, na asiyepata afunge miezi miwili mfululizo, iwe ni toba. Diya yafahamika kwa wepesi: waliofiwa wana haki yao. Lakini kafara je? Mtu ambaye hakukusudia, anatubia nini? Nilipokuwa kijana suali hili lilinishinda. Baada ya mshale ule nadhani nalifahamu. Kabla ya kile kitendo kimoja tukionacho, cha kutupa, pana kitendo chengine kimetangulia, nacho ni kutazama, au kutotazama. Nia yangu ilikuwa juu ya shabaha. Juu ya kilichokuwa nyuma ya shabaha sikuwa na nia yoyote, njema wala mbaya. Sikukifikiri hata kidogo. Na huko kutofikiri, katika nyumba yenye mtoto, ndilo deni lenyewe.

Ndugu msomaji, Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alimwamrisha mwenye kupita na mishale msikitini au sokoni aishike kwa chembe zake, asije akamkwaruza Mwislamu. Zingatieni hali ile. Mishale haiko juu ya uta. Hakuna avutaye. Mtu anapita tu na mali yake mkononi, na juu ya hayo ameamrishwa aiweke makali katika kiganja chake mwenyewe kabla hayajawa karibu na ubavu wa mwenzake. Yule aliyewasisitiza watu wajifunze mishale ndiye aliyesema haya, na haijuzu kwetu kulichukua neno moja tukaliacha la pili.

Kwa hiyo ndugu yetu aliyesema sunna ni sunna amesahau kanuni ajuayo kila mwanafunzi wa fiqhi, kwamba kuondoa madhara hutangulia kuleta manufaa. Nyumba ya gorofa ina kuta ambazo baadhi yake ni ubao uliopakwa chokaa, na nyuma yake hulala jirani ambaye hakushauriwa. Wala si jeraha peke yake lililokatazwa. Abu Daud amepokea kisa cha masahaba waliokuwa safarini, mmoja akalala, mwenzake akaiendea kamba aliyokuwa nayo, yule mwenye kulala akashtuka. Na Mtume akasema kuwa si halali Mwislamu kumtisha Mwislamu mwenzake. Yule kijana alituambia kwa kucheka kwamba mamake kila akisikia mlio wa upote husoma Ayatul Kursi. Darasa nzima ilicheka. Mama ana haki ya kunywa chai yake ya asubuhi bila ya kuhitajia kinga dhidi ya mwanawe.

Nilimwendea kijana baadaye nikamweleza niliyoyajua. Gunia lisitundikwe mlangoni wala dirishani wala kwenye ukuta wa kugawia vyumba. Liwe mbele ya ukuta wa mawe wa nje, na baina yake na ukuta litundikwe blanketi zito linaloning'inia bila kukazwa, kwani nguo iliyolegea huumeza mshale uliopita. Lipigwepigwe na kujazwa upya kila wiki. Mlango wa chumba uwe umefungwa kwa ndani na uwe nyuma ya mfumaji, hata asiweze mtu kuingia baina yake na shabaha. Uta uwe mlegevu, kwa kuwa chumbani hakuna masafa ya kushindania. Na asiuachie upote mtupu pasi na mshale, kwani uta huweza kupasuka mkononi.

Akaniuliza: na asiyekuwa na ukuta wa mawe? Chumba chake, alisema, kina ubao pande tatu na dirisha upande wa nne. Nikamwambia basi asitupe mshale humo kabisa. Avute na kurudisha polepole, kama walivyofanya wanafunzi wa Istanbul kwa ule uta wa kepaze, na siku apatapo uwanja atatupa. Akasema: huko si kuacha? Nikamjibu kwa rai yangu, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba mwenye kuuzuia mshale kwa ajili ya jirani bado anatumia ilimu ya uta, na ni sehemu yake iliyo nzito kujifunza, kwani mimi mwenyewe niliijua baada ya kuwa hodari wa kutupa.

Alinitazama kama atakaye kuuliza nimejifunzaje. Sikumwambia. Lakini Jumapili iliyofuata nilikwenda kwa dada yangu nikamwambia yeye. Yule mtoto wa siku ile sasa ana watoto wake. Dada yangu alisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akaenda ukumbini akataka nimwonyeshe ni mlango upi. Rangi imepakwa mara nyingi tangu wakati huo, ila ukipitisha kidole utapahisi mahali penyewe. Alipitisha kidole chake. Kisha akaniuliza uta ule uko wapi. Nikamwambia ninao bado, na upote wake nimeuvua.